Kutundika rangi tupu: jinsi ya kuchagua, kutia fremu na kutunza nakala za akina Rothko katika nyumba ya pwani

Mteja akiniletea nakala ya mchoro wa Mark Rothko, yule Mmarekani aliyechora viwanja vya rangi tupu, yenye ukubwa wa karatasi ya A4 ili niitie fremu, humwomba aketi kwanza tuzungumze. Fremu nitamtengenezea, ndiyo kazi yangu. Lakini najua akishaitundika nyumbani, haitapita muda mrefu ataacha kuiona. Itakuwa imejichanganya na saa ya ukutani na kalenda. Picha za aina hii zilichorwa kubwa, nyingine kubwa kuliko mtu, ili mtu azisogelee mpaka rangi imjae machoni. Ukizinyima ukubwa, ukazipandisha karibu na dari na kuzimulika kwa taa nyeupe kama ya duka la dawa, unabaki na vipande viwili vya rangi visivyokugusa popote.

Nina karakana ya fremu Magomeni, Dar es Salaam. Riziki yangu inatokana na aya za Kurani, picha za harusi na vyeti vya mahafali. Miaka ya karibuni, hata hivyo, vijana wanaopanga nyumba zao za kwanza wananiletea michoro hii ya rangi, na mimi naipenda kuliko kazi nyingine yoyote inayopita mezani kwangu. Nawaandikia wao, na mtu yeyote anayeishi penye joto, chumvi na unyevu kama hapa, kwa kuwa maelekezo mengi ya kutundika picha yameandikwa kwa ajili ya nyumba za nchi za baridi.

Kwa ufupi, ujue ni kina nani unaowakaribisha ukutani. Ni wachoraji wa Marekani, wengi wao wa New York, walioanza katika miaka ya 1940 kile kinachoitwa ekspreshonizimu dhahania. Wengine walirusha na kumwaga rangi kwa nguvu za mwili. Wengine, ambao ndio ninaowazungumzia hapa, waliacha rangi yenyewe itande kama uwanja: Mark Rothko, aliyezaliwa mwaka 1903 Dvinsk, mji ambao leo uko Latvia, akahamia Marekani mwaka 1913; pamoja naye Barnett Newman na Clyfford Still. Mwaka 1952 Helen Frankenthaler, akiwa na miaka 23, alitandaza kanvasi mbichi sakafuni, akaimwagia rangi ya mafuta aliyoizimua kwa tapentaini mpaka ikanywewa na kitambaa. Mchoro huo unaitwa "Mountains and Sea". Mwaka uliofuata Morris Louis na Kenneth Noland walitoka Washington kwenda kuutazama, na uchoraji wao haukuwa ule ule tena.

Kuchagua

Watu huanza na rangi. Mimi huanza na sentimita. Makumbusho huandika vipimo chini ya kila mchoro, kwa hiyo vitafute kabla moyo haujazama. "Vir Heroicus Sublimis" ya Newman, iliyoko MoMA, jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa mjini New York, ina kimo cha sentimita 242 na upana wa 541: uwanja mwekundu unaokatwa na mistari michache ya wima. Ukiichapa kwa upana wa sentimita 120, kimo kinashuka hadi 54, na ile mistari inayoushikilia mchoro mzima inakuwa nyuzi. Newman mwenyewe, katika maonyesho yake ya 1951, alibandika tangazo la kuwaeleza watazamaji kwamba picha zile kubwa zimekusudiwa kutazamwa kwa karibu. Nakala ndogo ya mchoro wa namna hiyo mimi nakushauri uiache, hata kama umeipenda vipi.

Tafuta michoro ambayo tangu mwanzo haikuwa mikubwa sana. Mwaka 1968 Rothko aliugua, mshipa mkuu wa damu ulivimba, na madaktari wakamkataza kuchora picha ndefu kupita takribani mita moja. Akageukia karatasi na rangi za akriliki, akafanya kazi nyingi mno katika muda uliombakia kabla ya kufariki Februari 1970. Kazi hizo za karatasi hazijulikani kama zile kanvasi kubwa, nami sijui kwa nini watu wanazipita, maana unaweza kuwa na nakala yenye ukubwa ule ule wa mkono wa mchoraji, au inayoukaribia. Ukisimama mbele yake, unasimama mahali aliposimama yeye.

Mwingine ninayempendekeza daima ni Alma Thomas. Huyu alikuwa mwalimu wa shule Washington kwa miaka 35, mwanamke mweusi aliyezaliwa 1891, na jumba la makumbusho la Whitney lilimpa maonyesho yake peke yake mwaka 1972 akiwa na miaka 80. "Resurrection" yake ya 1966, yenye duara ndani ya duara, ni mraba wa sentimita 91 hivi. Mwaka 2015 ilitundikwa Ikulu ya Marekani, kazi ya kwanza ya mwanamke mweusi wa Marekani kuingia katika hazina ya picha za pale. Alma Thomas alichora kwa mapigo mafupi ya brashi yaliyopangwa safu kwa safu, na mapigo hayo hubaki hai hata mchoro ukipunguzwa kiasi. Kwa mtu mwenye sebule ndogo, huyu ndiye wa kuanza naye.

Wateja wangu wengi huchagua picha hizi kwa sababu nyingine kabisa: hawapendi kuweka picha za viumbe ndani ya nyumba, hasa sebuleni ambako mgeni anaweza kuomba msala akaswali. Rangi tupu haimzuii mtu. Ukitaka kuona jinsi jambo hili lilivyofika mbali, soma habari za kanisa dogo la Rothko kule Houston, lililofunguliwa 1971. Lina pembe nane na michoro 14 ya giza, halina dhehebu, na mlangoni pamewekwa vitabu vitakatifu vya dini mbalimbali, Kurani ikiwemo. Watu wanaingia, wanakaa kimya, kila mmoja kwa imani yake.

Sasa rangi. Usichague kwa kufuata mapazia. Mapazia yatabadilishwa Idi ijayo na picha itabaki. Angalia badala yake mwanga wa chumba. Nyumba nyingi za hapa zina baraza pana au mapazia yaliyofungwa mchana kukimbia joto, hivyo sebule huwa na kivuli kizito hata jua likiwa kali nje. Watu hudhani chumba cha namna hiyo kinahitaji picha nyeupe nyeupe ili kichangamke. Mimi nimeona kinyume chake. Damu ya mzee, hudhurungi, rangi ya machungwa iliyoiva, zote hufukuta vizuri kwenye kivuli, na kadiri jicho linavyozoea ndivyo zinavyozidi kufunguka. Samawati, kijani na manjano mepesi ziweke kwenye chumba chenye mwanga mwingi, maana gizani hufifia zikawa kijivu.

Kabla ya kutoa pesa, fanya jaribio la bure. Unganisha kurasa za magazeti kwa gundi ya karatasi mpaka zifike ukubwa unaoufikiria, ubandike ukutani, ukae nazo siku kadhaa. Kisha funika magazeti hayo kwa kitambaa cha rangi moja kinachokaribia rangi kuu ya mchoro. Karibu kila mtu aliyefanya hivi kwa ushauri wangu amerudi akitaka ukubwa zaidi.

Kununua au kuchapisha

Michoro ya hawa wachoraji bado ina wenyewe. Haki za Rothko, kwa mfano, ziko mikononi mwa watoto wake wawili. Kwa hiyo njia iliyo safi ni kununua chapa iliyoruhusiwa, na mahali pa kuaminika ni maduka ya makumbusho yenyewe: MoMA, Tate ya London, National Gallery of Art ya Washington. Zikija zimekunjwa ndani ya bomba la karatasi ngumu, ndugu anayesafiri anaweza kukuletea bila tabu.

Angalia mambo mawili kabla ya kulipa. Kwanza, uwiano. "Orange, Red, Yellow" ya Rothko, ya mwaka 1961, ina kimo cha sentimita 236.2 na upana wa 206.4, yaani inakaribia mraba. Karatasi ya A1 ni nyembamba zaidi, sentimita 84.1 kwa 59.4. Muuzaji anayekuambia picha hiyo imejaa A1 nzima bila ukingo mweupe ameikata pande mbili, na kwa Rothko ukikata pembezoni umeondoa kila kitu, kwa sababu ule mpaka mwembamba unaozunguka ndio unaozifanya rangi zilizomo zielee. Picha nzima, ikiwekwa kwenye A1, itakuwa na upana wa 59.4 na kimo cha 68, na nafasi tupu juu na chini. Afadhali nafasi tupu.

Pili, maneno. Mtu akikuuzia "lithografu iliyosainiwa na Rothko" (lithografu ni chapa inayotolewa kwa mkono kutoka kwenye jiwe au bamba) ya vile viwanja vyake vya rangi, funga mkoba wako. Kazi zile hakuzitoa kwa chapa za mkono. Kilichopo sokoni ni nakala na mabango, na hakuna aibu katika bango zuri likiitwa bango. Frankenthaler ni habari tofauti, yeye alipenda chapa kwa dhati. Alianza lithografu mwaka 1961 katika karakana ya Tatyana Grosman kule Long Island, na mwaka 2000 akatoa "Madame Butterfly", chapa ya mbao iliyotumia vibao 46 na rangi 102. Newman naye alifanya "18 Cantos" katika karakana hiyo ya Grosman, 1963 hadi 1964. Chapa za namna hii zina namba na saini ya penseli, na bei yake ni ya mnada.

Kama una faili halali, labda umelipia haki yake, au mchoraji wa hapa nyumbani amekuruhusu upige chapa kazi yake (nao wapo, na wanahitaji hela hiyo), basi kuchapisha ndani ya mji kunawezekana. Kazi ya rangi tupu haihitaji msongamano wa nukta kama picha ya uso wa mtu. Nukta 150 kwa inchi zinatosha. Kwa chapa ya sentimita 80 kwa 91.5 unahitaji faili ya pikseli 4,700 kwa 5,400 hivi. Kinachoharibu kazi hizi ni faili iliyominywa: pale rangi moja inapoyeyukia nyingine unaona ngazi ngazi badala ya ukungu laini. Ndiyo maana usiitume faili kwa WhatsApp kama picha. Itume kama dokumenti, au iweke kwenye flashi uipeleke mwenyewe.

Ukifika dukani, kataa bango la plastiki hata kama ndilo la bei rahisi. Linang'aa, linanuka, na weusi wake ni wa juu juu. Omba karatasi ya pamba isiyong'aa, ya gramu 300 hivi kwa mita ya mraba, au kanvasi isiyong'aa, na uulize kama mashine inatumia wino wa pigmenti, yaani wa chembe za rangi. Wino wa aina nyingine huanza kufifia mapema kwa mwanga wa huku kwetu. Mwombe kijana wa mashine asiongeze ukali wala ung'avu. Wengi hufanya hivyo kwa nia njema, kwa mazoea ya matangazo, na kingo za Rothko zinazopumua zinageuka kuwa mistari ya rula.

Halafu usichape nzima mara moja. Chagua kipande kimoja cha mchoro, mahali ambapo rangi mbili au tatu zinakutana, kichapwe kwenye A4 kwa ukubwa kitakaokuwa nao kwenye chapa kamili. Kipeleke nyumbani. Kitazame saa tatu asubuhi, kitazame saa kumi jioni, kisha kitazame usiku chini ya taa yako. Kioo cha kompyuta hutoa mwanga na karatasi hupokea mwanga, kwa hiyo nyekundu na bluu za ndani kabisa zitashuka kidogo. Unachotafuta ni kama bado zinaongea zenyewe kwa zenyewe. Zikikaa kimya, rudi mkarekebishe. Chapa kamili ikitoka, iache ikauke siku nzima, ikiwezekana zaidi, kabla haijaingia chini ya kioo, maana wino ukifungiwa ungali na unyevu hutoa ukungu mweupe ndani ya kioo na mtu hudhani fundi hakufuta vizuri.

Fremu, na kama unaihitaji

Hapa ndipo wateja hubishana nami. Rothko hakutaka fremu. Rangi yake ilipita hadi kwenye kingo za kanvasi. Nakala ya kanvasi inaweza kufuata njia hiyo: inavutwa juu ya mbao nne na kupigwa pini kwa nyuma, bila kioo. Mchapishaji aache sentimita 5 za ziada kila upande kwa ajili ya kukunja, na pembeni pachapwe rangi ya uwanja wa nje wa mchoro. Usikubali mchoro wenyewe ukunjwe pembeni, utakuwa umekatwa kwa mlango wa nyuma. Kwa Frankenthaler nasisitiza kanvasi isiyong'aa, kwani kitambaa ni nusu ya mchoro wake.

Karatasi lazima iwe na kioo, na kioo ndicho adui wa rangi nzito. Picha ya damu ya mzee chini ya kioo cha kawaida, ikitazamana na dirisha, inakuwa kioo cha kujitazamia. Kuna kioo kisichoakisi, ni ghali na hakipatikani kila mahali. Kikikosekana, badilisha ukuta: tundika pembeni mwa dirisha, usiitazamishe dirisha. Kwa A1, kioo cha milimita 3 peke yake kina uzito wa kilo 3.75, kwa hiyo kama nyumba ina watoto wanaocheza mpira sebuleni, bamba la akriliki lenye nusu ya uzito huo ni bora, ila lifute kwa kitambaa laini kilicholowa kidogo, likikwaruzwa halirudi.

Karatasi isiguse kioo kamwe. Katika unyevu wa pwani itagandana nacho, na siku ya kuibandua rangi itabaki kwenye kioo. Naweka kadi nene isiyo na asidi iliyokatwa katikati kama dirisha, au vijiti vyembamba vilivyofichwa chini ya mdomo wa fremu. Kadi iwe na rangi ya maziwa, pana, sentimita 7 au 8. Nyeupe kali huzifanya rangi zionekane chafu. Mbao ya fremu iwe nyembamba na ya rangi yake ya asili: msaji au mninga, iliyokauka sawasawa. Mbao mbichi itajikunja kona zikaachana, na mbao laini hubunguliwa upesi. Dhahabu na nakshi ziache kwa aya za Kurani na picha za harusi, huko zinapendeza sana.

Chapa iliyotoka kwenye bomba usiipige pasi. Itandaze asubuhi juu ya meza safi, uso juu, funika kwa karatasi safi na ubao mpana, acha mpaka ilale yenyewe.

Ukuta, kimo na mwanga

Mwaka 1961 Rothko alipopeleka kazi zake kwenye jumba la maonyesho la Whitechapel, London, alitoa maelekezo. Kuta zisiwe nyeupe safi, ziwe nyeupe iliyotiwa udongo na wekundu kidogo. Picha kubwa zishushwe karibu na sakafu iwezekanavyo, ikiwezekana zisizidi sentimita 15 kutoka chini. Taa zisiwe kali. Mambo hayo matatu ndiyo yote ninayoweza kukufundisha kuhusu kutundika, mengine ni kuyapatanisha na nyumba yako.

Ukuta: rangi ya maji isiyong'aa, maziwa yenye joto kidogo. Ukuta wa rangi ya mafuta unaometameta, kama ule wa nusu ya chini katika nyumba nyingi za zamani, utapigana na picha. Kama nyumba ni ya kupanga na mwenye nyumba hakuruhusu kupaka, tafuta angalau ukuta ambao hauna kitu kingine. Picha hizi hazitaki majirani. Ukuta mmoja, picha moja.

Kimo: mafundi wengi huweka katikati ya picha kwenye sentimita 150, macho ya mtu aliyesimama. Lakini nani anasimama sebuleni kwake? Kwenye sofa macho yako yako kwenye sentimita 110 au 115 hivi, basi katikati ya picha pawe 120. Ikiwa mnakaa chini, kwenye magodoro na mito kama nyumba nyingi za Zanzibar na Tanga, shusha hadi 90. Mgeni ataona iko chini mno mpaka aketi. Picha ikiwa juu ya sofa, acha sentimita 15 au 20 kutoka mgongo wa sofa. Na kabati refu la chini, lenye kimo cha magoti, linaweza kuibeba picha ikiegemea ukuta bila kutoboa chochote, mradi uifunge kwa kamba fupi kwenye ndoano isiteleze.

Ukuta wa matofali ya saruji tobolea kwa drili na plagi za plastiki, sehemu mbili zilizopimwa kwa pima maji, msumari mmoja wa zege hautoshi. Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa zina kuta zinazomomonyoka, na huko natumia reli ya mbao iliyofungwa juu kabisa, waya zikashuka kubeba picha.

Taa ndiyo inayosahaulika. Nilipomtembelea dada yangu London alinipeleka Tate Modern, kwenye chumba cha michoro ya Rothko aliyoianza 1958 kwa ajili ya mkahawa wa kifahari wa New York kisha akaghairi kuipeleka huko. Chumba kilikuwa na nusu giza. Mara ya kwanza niliona weusi tu. Tukaketi, na taratibu wekundu ukaanza kutoka ndani ya weusi, damu ya mzee juu ya damu ya mzee, na sikutaka kuondoka. Michoro ile ingekuwa chini ya taa nyeupe, ningepita na kwenda zangu.

Kwa hiyo soma maandishi kwenye boksi la balbu. Herufi K ni kipimo cha rangi ya mwanga. Zile zenye 6500K, ambazo ndizo zimejaa madukani, zina mwanga wa kibuluu unaoua nyekundu na machungwa. Chukua 2700K au 3000K, na ikiwa boksi limeandikwa Ra au CRI, yaani kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa uhalisia, tafuta 90 na zaidi. Usielekeze taa moja kwa moja usoni mwa picha. Taa ya mezani iliyo pembeni, inayomulika ukuta na kuacha picha ipate mabaki ya mwanga, inatosha.

Jua, chumvi na masika

Rothko aliwahi kuwekewa picha tano katika chumba cha kulia cha Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1964, chumba chenye madirisha makubwa. Aina ya nyekundu aliyotumia haikustahimili jua. Rangi zikatoroka, zingine zikawa samawati iliyopauka, na mwaka 1979 picha zikaondolewa na kufungiwa stoo. Mwaka 2014 zilionyeshwa tena kwa kuzimulika kwa projekta iliyorudisha rangi zilizopotea kwa mwanga tu, ikizimwa picha zinapauka tena. Hiyo ni Massachusetts, kwenye jua la kaskazini. Fikiria Mbagala.

Kwa hiyo angalia jua linapopita kabla ya kutoboa. Hapa kwetu asubuhi na jioni ndizo hatari, jua likiwa chini na kuingia chumbani kwa mshazari. Mahali linapotoka na kutua husogea pia kutoka Juni hadi Desemba, kwa hiyo ukuta uliosalimika mwezi wa sita waweza kupigwa mwezi wa kumi na mbili. Ukuta ambao jua limeugusa hata nusu saa usiupe picha ya karatasi.

Usitundike kwenye ukuta wa nje unaopigwa na mvua, wala ule unaotoa unga mweupe wa chumvi, wala ukuta wa bafu au jiko. Nyuma ya kila fremu gandisha kwenye kona mbili za chini vipande vya mpira vya unene wa sentimita moja ili hewa ipite. Soli ya kandambili kuukuu hufanya kazi hiyo barabara. Mgongo wa fremu uzibwe pembeni kwa utepe wa karatasi, wadudu wasipate mlango.

Masika yakiisha, mwezi wa sita hivi, ishushe picha. Geuza utazame mgongo: madoa ya kijivu ni ukungu, vumbi laini la mbao ni wadudu. Ukungu wa mgongoni ufute kwa kitambaa kikavu nje ya nyumba, ubadilishe ubao wa nyuma kama umelowa. Ukiwa umeingia ndani ya kioo usifungue mwenyewe, mpelekee fundi ikiwa imelala, si imesimama. Kanvasi ipanguse kwa brashi laini ya rangi ambayo haijawahi kuguswa na rangi, kuanzia juu kushuka chini, bila maji na bila dawa. Kaza waya kama umelegea, kagua ndoano, kisha irudishe, na kabla hujaondoka hapo ukutani pima tena kimo, maana mtu anayetundika akiwa amesimama huipandisha picha bila kujua.